Nina miaka 72, presha na kisukari: je, niende ng'ambo?

Swali la msomaji: Mimi ni mjane wa miaka 72. Nina presha iliyotulia kwa vidonge viwili, kimoja kikiwa cha kuongeza mkojo, na kisukari ninachokitibu kwa vidonge pamoja na sindano moja ya insulini kila usiku. Goti langu la kulia limechakaa, na maumivu yakizidi humeza kidonge nilichoandikiwa zamani. Mwanangu ameniita nikakae naye wiki sita katika nchi ya mbali, ambako saa zao ziko saba nyuma ya zetu na wakati huo kutakuwa na baridi kali. Nitapanda ndege mbili, jumla ya saa 16 njiani, nami nitakuwa peke yangu. Ndugu zangu wanasema umri huu nitulie nyumbani. Je, niende? Na nikienda, nijilinde vipi?

Jibu la daktari:

Shikamoo mama. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kwa hayo uliyoyaeleza sioni sababu ya kukukataza safari hii. Umri peke yake haumzuii mtu kupanda ndege. Kinachoamua ni hali ya moyo, mapafu na damu yake siku anayoondoka, na madaktari wana kipimo chepesi ambacho hata wewe unaweza kukifanya nyumbani: anayeweza kutembea mita 50 mahali tambarare, au kupanda ngazi kumi na mbili hivi, bila kuhema kupita kiasi wala kubanwa na kifua, kwa kawaida huihimili hewa ya ndani ya ndege. Kama ungekuwa umepata mshtuko wa moyo, kiharusi au upasuaji mkubwa majuma machache yaliyopita, au umefanyiwa upasuaji wa jicho na kuwekewa gesi ndani yake, ningekuomba usubiri kwanza.

Watu wengi wakifikiria hatari za ng'ambo hufikiria maradhi ya kigeni. Mimi nahudumia wazee, na wengi ninaowapokea wakiwa wamerudi hoi hawakupatwa na ugonjwa mpya hata kidogo. Wameumizwa na maradhi yao wenyewe, yale waliyokuwa wameyatuliza nyumbani kwa miaka, ambayo safari iliyatibua kwa sababu dozi ilirukwa, maji hayakunywewa, usingizi ulikatika, au mguu ulikanyaga ngazi usiyoizoea. Kwa hiyo karibu kila nitakalokushauri hapa lina shabaha moja, nayo ni kuhakikisha kwamba utaratibu wako wa nyumbani unasafiri pamoja nawe.

Nenda kwa daktari wako wiki sita hadi nane kabla ya kuondoka, wala usingoje wiki ya mwisho, kwa sababu akibadilisha dawa mnahitaji muda wa kuona kama mwili wako umeikubali. Beba dawa zako zote ndani ya mfuko, pamoja na zile unazonunua mwenyewe na za miti shamba, umwagie mezani azione. Mwombe akague kiwango cha sukari cha miezi mitatu iliyopita, figo zako, moyo wako, na nyayo zako. Katika ziara hiyo hiyo zungumzieni chanjo. Chanjo ya mafua na ya nimonia zina faida kubwa kwa mtu wa rika lako mwenye kisukari, na ya pepopunda huhitaji kurudiwa baada ya miaka kadhaa, jambo ambalo wazee wengi wamelisahau. Uliza pia kuhusu chanjo ya mkanda wa jeshi, kwani ugonjwa huo huwapata zaidi watu wenye umri mkubwa na maumivu yake huweza kudumu kwa miezi.

Chanjo ya homa ya manjano inahitaji maneno zaidi. Hii ni chanjo yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa mtu anayeichoma kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 au zaidi, uwezekano wa madhara makali, ingawa bado ni mdogo, uko juu kuliko kwa kijana. Ikiwa uliwahi kuchanjwa zamani, tafuta cheti chako: tangu tarehe 11 Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinakitambua kuwa halali kwa maisha yote, hata kama kimeandikwa kwamba kinakwisha baada ya miaka 10. Ikiwa hukuwahi kuchanjwa, na njia yako au kituo chako cha kubadilishia ndege inakidai, usikimbilie sindano kwa sababu tu ya karatasi. Daktari anayetoa chanjo za safari anaweza kukupima na, akiona haikufai, kukuandikia barua rasmi ya msamaha, na wewe uulize ubalozi mapema kama barua hiyo itakubaliwa. Ukichanjwa, cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano.

Sasa nije kwenye kidonge cha goti, ambacho hukukitaja jina, nami kimenitia wasiwasi kuliko mengine. Ikiwa ni diklofenaki, ibuprofeni au ndugu zao, dawa hizi huweza kupandisha presha na kuzielemea figo, hasa mtu anapomeza pia kidonge cha kuongeza mkojo na wakati huo huo hanywi maji ya kutosha, hali ambayo ndiyo hasa ya msafiri. Ikiwa ni tramadoli au kodeini, dawa za maumivu za jamii ya afyuni, kuna suala la sheria. Falme za Kiarabu na Misri zinazidhibiti dawa hizo kwa ukali, na msafiri anayekutwa nazo bila kibali au cheti anaweza kujikuta mikononi mwa polisi, hata kama daktari wake alimwandikia kwa nia njema. Japani nayo hairuhusu kuingiza dawa za mafua zenye sudoefedrini ya zaidi ya asilimia 10, dawa ambazo kwingine huuzwa dukani kama peremende na ambazo, kwa mwenye presha, si salama vilevile. Kwa hiyo andika majina ya dawa zako zote, uulize ubalozi wa nchi unayokwenda na wa nchi utakayobadilishia ndege. Mwulize daktari wako pia kama parasitamoli na dawa ya kupaka vinaweza kutosha kwa goti.

Majina hayo yawe ya dawa yenyewe, si ya kampuni. Jina la kibiashara hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine, na yapo majina ambayo katika nchi mbili huwakilisha dawa mbili tofauti kabisa. Barua ya daktari itaje ugonjwa, jina halisi la kila dawa, kipimo chake na saa unayoitumia, pamoja na sindano na insulini unazobeba. Dawa zibaki kwenye pakiti zake za asili, ziwe za wiki sita na nyongeza ya wiki mbili, na zote zikae kwenye begi la mkononi.

Juu ya begi la mkononi nitasisitiza. Nilimhudumia mzee mmoja aliyepanga vizuri kila kitu, akaweka dawa zake zote kwenye sanduku kubwa ili mkononi awe mwepesi. Sanduku likachelewa siku tatu. Alinisimulia jinsi alivyojisikia mzima siku ya kwanza na ya pili, akajiambia kwamba kumbe dawa zenyewe hazikuwa na kazi kubwa, na siku ya tatu akaamka kichwa kikimpasuka, presha ikiwa juu kuliko alivyowahi kuiona. Kwa insulini hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu sehemu ya mizigo ya ndege inaweza kuwa na baridi ya kuigandisha, na insulini iliyowahi kuganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama maji. Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege waambie maofisa mapema kwamba una insulini na sindano, uwaonyeshe barua. Dawa za lazima kwa kawaida haziingii katika kile kikomo cha mililita 100 za vimiminika.

Sindano ya usiku ndiyo itakayohitaji akili zaidi, kwa hiyo tuitazame kwa saa zake. Tuseme unachoma saa nne usiku. Ukifika kwa mwanao, saa nne usiku ya nyumbani itakuwa saa tisa alasiri ya huko, na ukingoja hadi saa nne ya huko utakuwa umekaa saa 31 tangu sindano iliyopita badala ya 24. Wapo wanaoongeza dozi kufidia, na hapo ndipo wanapoangukia kwenye sukari kushuka. Njia iliyo salama ni kuvaa saa ya mkono isiyobadilishwa, inayosoma saa za nyumbani, kuchoma kwa saa hiyo wakati wa safari, kisha ukishatulia kuisogeza sindano mbele kwa saa mbili au tatu kila siku hadi ifikie usiku wa huko. Baadhi ya madaktari hupendelea dozi ndogo ya kuvukia pengo hilo la saa, kutegemea aina ya insulini. Uamuzi huo ni wa daktari wako, naye auandike kwenye karatasi, tarehe kwa tarehe, kwa wino mweusi na herufi kubwa.

Safarini pima sukari kila baada ya saa nne hadi sita. Weka mfukoni mwa nguo uliyovaa, si kwenye begi lililo juu ya kichwa, vidonge vya glukosi au pipi za sukari. Jasho la ghafla, kutetemeka, kuchanganyikiwa au hasira isiyo na sababu usiviite uchovu wa safari kabla hujapima. Ikiwa sukari iko chini ya milimoli 4 kwa lita, au huwezi kupima na dalili zipo, tumia gramu 15 za sukari, yaani vijiko vidogo vitatu hivi, upime tena baada ya dakika 15. Mwambie mhudumu wa ndege mwanzoni kabisa kwamba una kisukari. Wazee wengi huona haya kulisema hilo, ilhali mhudumu anayejua atamtambua haraka mtu aliyeishiwa sukari, na asiyejua atadhani amelala.

Ndani ya ndege hewa ina mgandamizo sawa na wa mlima wa kati ya mita 1,800 na 2,400, na ni kavu sana. Kinywa hukauka, lakini kiu ya mtu mzima haimwambii ukweli kama ya kijana, kwa hiyo usiisubiri. Kunywa maji kidogo kidogo kwa saa, si kwa hamu. Najua kinachowazuia wengi ni choo: hawataki kumwamsha jirani wala kupita katikati ya watu. Omba kiti cha kando ya njia unapokata tiketi, na umuulize daktari saa ya kumeza kile kidonge cha kuongeza mkojo siku ya safari. Usikiache kwa uamuzi wako.

Kuhusu damu kuganda miguuni, utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka takriban maradufu baada ya kukaa safarini saa 4 au zaidi, iwe kwa ndege, basi, gari au treni. Hata ikiongezeka hivyo, kwa mtu mwenye afya hubaki kama mmoja kati ya watu 6,000, basi usiingiwe na hofu kubwa. Hatari huwa kubwa zaidi kwa aliyewahi kuganda damu, mwenye saratani, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, na hata kwa mtu mfupi ambaye ukingo wa kiti humbana nyuma ya goti. Inuka kila baada ya saa moja au mbili unapokuwa macho, na ukiwa umekaa pandisha visigino na vidole kwa zamu hadi misuli ya vigimbi vya miguu isikie kazi. Usimeze kidonge cha usingizi, kwani mtu aliyelala kwa dawa hageuki wala hanyooshi mguu, na akiamshwa huinuka akipepesuka. Aspirini nayo haipendekezwi kumezwa kwa ajili ya ndege peke yake. Soksi za kubana zinasaidia, ila kwa mwenye kisukari daktari apime kwanza mapigo ya damu kwenye nyayo, kwa maana mguu ambao damu yake tayari inapita kwa shida hauvalishwi kitu cha kuubana.

Unapokata tiketi, au angalau saa 48 kabla ya kuondoka, omba kiti cha magurudumu kwenye viwanja vyote vitatu. Nakuomba usilione hilo kama kujidhalilisha. Umbali kati ya lango moja na jingine unaweza kuwa mrefu kuliko unavyotembea kwa siku nzima nyumbani, na ukiwa na msaidizi hutahangaika kusoma vibao huku muda unakwisha na goti linauma.

Ukifika kwa mwanao, jioni ya kwanza kabla hujapanda kitandani, fanya jambo moja nami. Keti ukingoni mwa kitanda, kisha tembea hadi chooni ukihesabu hatua. Angalia kapeti iliyojikunja, waya wa taa, kizingiti, ngazi moja iliyojificha pembeni. Tafuta swichi kwa mkono ukiwa umefumba macho. Kisha urudi, uweke tochi ndogo na miwani yako mahali ambapo mkono wako utavifikia bila kupapasa. Usiku wa kwanza mwili wako utaamka saa nane ukidhani kumekucha, utakuwa na haja ndogo, na utainuka katika giza la nyumba ya watu ukiamini kwamba mlango uko upande ule ulipo kwako. Hapo ndipo nyonga zinapovunjika. Kaa kitako nusu dakika kabla ya kusimama, kwa sababu dawa za presha humfanya mtu apate kizunguzungu akisimama ghafla. Mwanao aweke mkeka wa mpira usioteleza bafuni na, kama anaweza, kishikio ukutani.

Baridi huibana mishipa na kupandisha presha, kwa hiyo ipime kila asubuhi kwa wiki ya kwanza na uandike. Viatu vya baridi vivaliwe ndani ya nyumba siku chache kabla ya kutoka navyo, na kila usiku tazama nyayo na katikati ya vidole, au mwombe mkwe wako atazame, maana mguu wenye kisukari huweza kuchubuka bila kuuma. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke miguu juu ya hita wala chupa ya maji moto. Barafu njiani ikianza kung'aa, kaa ndani siku hiyo bila kuona haya. Ukivuka barabara katika nchi ambako magari hupita upande usiouzoea, tazama pande zote mbili na kurudia, kwani shingo yako ina mazoea ya miaka 70 na itageukia upande usiofaa yenyewe.

Ukiharisha au kutapika, dawa zako za presha na baadhi ya vidonge vya kisukari huweza kuziumiza figo zilizokaukiwa maji. Mwombe daktari wako, kabla hujaondoka, akuandikie ni kipi cha kusimamisha kwa muda na ni kipi kisichoachwa kamwe, kwa kuwa insulini ya usiku kwa kawaida haiachwi hata mtu akikosa hamu ya kula, ila kipimo chake ndicho hurekebishwa.

Bima ya safari usiikate kwa kutazama bei peke yake. Soma kama inapokea umri wako, kama inagusa maradhi uliyokuwa nayo, na kama inalipia kumrudisha mgonjwa nyumbani kwa ndege. Taja presha, kisukari na goti waziwazi, kwa sababu ugonjwa uliofichwa ndio huipa kampuni sababu ya kukataa kulipa. Kama ni nchi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, viza ya muda mfupi inadai bima isiyopungua yuro 30,000. Namba ya dharura ya bima iandikwe kwenye karatasi, pamoja na ya huduma ya dharura ya nchi hiyo: 112 katika Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada. Karatasi hiyo, yenye majina ya maradhi na dawa zako kwa lugha ya huko, ikae kwenye pochi unayotoka nayo.

Mwambie mwanao mapema dalili ambazo hazisubiri asubuhi: uso kupinda, mkono kukosa nguvu au maneno kuparaganyika, kwani dawa ya kuyeyusha donge la damu kwenye kiharusi hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze; pia mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kukosa pumzi ghafla. Ajue pia kwamba mshtuko wa moyo kwa mama mwenye kisukari unaweza kuja bila maumivu ya kifua, ukaonekana kama jasho baridi, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida.

Safari ya kurudi ina mtego wake, na wengi hawauoni kwa sababu wanaelekea nyumbani. Saa nne usiku ya kwa mwanao ni saa kumi na moja alfajiri ya kwetu. Ukichoma huko saa nne kama kawaida, kisha ukafika na kuchoma saa nne usiku ya nyumbani, sindano mbili zitakuwa zimeachana kwa saa 17 tu, na zitakutana mwilini. Kwa hiyo karatasi ya daktari iwe na ukurasa wa kurudi pia, ukionyesha dozi ya usiku huo itakuwa kiasi gani. Usiku wa kwanza nyumbani usilale peke yako, na weka kengele ya saa tisa usiku uamke upime sukari. Wiki ile ile mpelekee daktari daftari la vipimo vyako.